Mlango wa Mji

Nalipwa kwa saa, na ndani ya saa hiyo
sina maneno yangu.
Neno la muuguzi linaingia sikio la kushoto,
linatoka kinywani limebadili nguo.
Ndiyo kazi. Govanhill, Jumanne, mvua ya Glasgow
kama mgeni aliyeaga tangu adhuhuri
na bado kasimama kizingitini.

Catriona ameweka sanamu ya plastiki mezani,
rangi ya ufizi, ukubwa wa parachichi dogo.
"Mwambie, hapa ndipo tunapotaka kupima."
Nikakwama.
Mama yangu alipaita kule. Mwalimu wa sayansi
aliruka ukurasa. Shangazi alisema siri,
na siri ikakaa tumboni mwake miaka saba
hadi daktari alipoikuta imeshamaliza kula.

Kamusi inanipa mawili: shingo, mlango.
Shingo hukabwa. Nikachagua mlango.
"Mama Nsimire, huu ni mji wa uzazi,
na huu hapa chini ni mlango wake."

Akacheka, kicheko kikavu cha mtu wa Bukavu.
"Mlango? Miaka mitatu, milango minne wamenipa.
Wa kwanza ulikuwa na kuvu ukutani,
mtoto akakohoa kuanzia Noeli hadi Pasaka.
Wa pili, mwenye nyumba akauza.
Wa tatu hoteli, wa nne hoteli, kando ya barabara kuu,
kadi badala ya ufunguo,
na kadi ikifa unalala ukumbini na ndoo zako.
Ni mji gani huo, dada,
ambao bado haujanifukuza?"

Hilo sikulitafsiri lote.

Kompyuta ya Catriona ilikuwa na tarehe:
barua ya kwanza, ya pili, ya tatu,
zote zimekwenda kwenye mlango wa kuvu,
anakoishi sasa kijana mwenye baiskeli.
Zimelala chini ya zulia la miguu,
zikikanyagwa kila asubuhi,
zikimwita kwa majina yote matatu
mwanamke asiyekuwapo.

Kirusi, chenyewe, hakihitaji anwani.
Kinakaa. Hakilipi pango, hakipewi notisi.
Kinataka miaka tu,
na watu wanaooneana haya.

"Kwetu wanasema mficha uchi hazai,"
alisema Nsimire akifungua vifungo.
"Nimezaa watano. Nifiche nini?"
Lakini magoti yalikataa.
Magoti yana kumbukumbu zake.

Hapo nikavunja sheria ya kwanza ya ukalimani:
nikamnong'oneza Catriona neno
ambalo hakuna aliyelisema.
Akagonga ukingo wa kitanda, taratibu, mara mbili.
"Hodi," akasema kwa ulimi wa Kiskoti,
ile o ikachelewa kwisha.
Kimya. Saa ya ukutani. Basi likapita nje.
"Hodi."
"Karibu," akajibu Nsimire, macho darini.

Dakika mbili. Brashi ndogo, kichupa, kifuniko.

"Majibu yatakuja kwa posta. Anwani?"
Nsimire akanitazama. Alhamisi wanamhamisha tena.
Nikavunja sheria ya pili,
nikaandika ya kwangu.

Ikaja. Jina lake kwenye zulia langu.
Sikuifungua. Nimeivika mfuko wa plastiki,
nimepanda mabasi mawili hadi mlango wa tano.
Lifti imekufa. Ghorofa ya sita.
Korido inanuka wali ulioshika chini
na sabuni ya bei rahisi.
Mlangoni hakuna jina, ni namba tu.
Barua imeshika joto la kwapa langu.
Ndani mtoto anahesabu kwa Kiingereza,
anakosea kumi na tatu, anaanza upya.

Hodi, Mama Nsimire.